Jinsi ya Kutumia Vitabu vya Karatasi Inayojinakili

Dereva aliyeshusha mifuko 40 ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi hawezi kuondoka mikono mitupu. Anahitaji karatasi yenye sahihi ya mpokeaji, mpokeaji naye anahitaji ya kwake, na mhasibu aliyebaki ghalani anasubiri ya tatu. Kwa kuwa zote tatu zimeandikwa kwa mkono mmoja na kwa wakati mmoja, anayethubutu kuigeuza 40 kuwa 30 kwenye karatasi yake ataumbuliwa na zile mbili nyingine. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya wafanyabiashara kuendelea kununua vitabu vya karatasi inayojinakili, yaani ile inayotoa nakala bila kuwekewa karatasi ya kaboni katikati; kutochafuka vidole kwa kaboni, jambo ambalo husifiwa kwanza, ni faida ndogo.

Karatasi hii ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1950 na Barry Green na Lowell Schleicher, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya NCR (National Cash Register), na hadi leo wapiga chapa wengi huiita kwa herufi hizo tatu. Mgongo wa karatasi ya juu hupakwa vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vilivyojaa mafuta yenye kemikali ambayo bado haina rangi. Uso wa karatasi inayofuata hupakwa udongo maalumu wenye asidi, au resini. Ncha ya kalamu inapokandamiza, vifuko vilivyo chini yake hupasuka, kemikali hukutana na udongo huo, na papo hapo maandishi ya buluu au meusi hujitokeza. Karatasi ya katikati hupakwa pande zote mbili, kwa sababu inapokea kutoka juu na kupeleka chini.

Kwa hiyo, kinachotoa nakala ni mkandamizo, si wino. Tumia kalamu ya biki, wala si kalamu ya wino laini, ambayo huteleza bila kupasua kitu, na weka kitabu juu ya meza ngumu. Kabla ya kuandika neno la kwanza, chomeka gamba la kitabu chini ya nakala ya mwisho ya seti unayoitumia. Hili msilipuuze: gamba likisahaulika, bei za mteja wa asubuhi hujichora kwenye karatasi za mteja wa mchana, na mtu anayesoma ankara yake anakuta tarakimu mbili zimepandana, asijue deni lake ni lipi.

Unapoagiza vitabu, mweleze mpiga chapa idadi ya nakala, rangi ya kila moja na namba ya kuanzia, kisha kabla ya kulipa fungua kitabu kimoja na ukwaruze karatasi ya juu kwa ukucha. Alama isipojitokeza chini, huenda karatasi zimepangwa kinyume, na kitabu hicho hakitakufaa.

Vitabu ambavyo havijatumika visirundikiwe mizigo mizito, maana vifuko hupasuka kabla ya wakati wake. Nakala zilizokwisha kuandikwa zihifadhiwe kwenye faili la karatasi, mbali na jua na joto, kwa sababu maandishi yake hufifia yakiachwa dirishani.