Kutafuta ejenti wa kitabu ukiwa Lamu na ndo mara yako ya kwanza

Nilipomwambia mamangu natafuta ejenti, akanijibu "si yuko pale Mkunguni, huyo wa M-Pesa, kwani amefunga?" Nikacheka sana, lakini baadaye nikaona mamangu hajakosea mbali. Ejenti wa vitabu kwa lugha yetu ni dalali tu. Unamjua yule dalali wa majumba, anayejua mzungu gani anatafuta nyumba Mkomani na nani ana gofu la babu yake amechoka nalo, anawakutanisha, anapiga bei, wakishaelewana anachukua chake anakwenda zake kunywa kahawa. Basi ejenti ni yuyo huyo, ila yeye anajua mhariri gani wa kampuni gani London au New York anatafuta riwaya ya namna gani, anampelekea yako, anabishana bei, anaisoma kontrakti mpaka yale maandishi ya chungu, halafu anakata asilimia 15. Akiuza nchi za nje au tafsiri mara nyingi ni asilimia 20.

Yaani ukipewa malipo ya awali pauni 5,000, yeye anatoa 750 zake, wewe zinakubakia 4,250, na usidhani zaja kwa mpigo, huja kwa vipande, kingine ukitia sahihi, kingine ukikabidhi mswada uliomalizika, kingine kitabu kikitoka.

Asipouza, hapati kitu. Hapo pashike sana manake ndo watu wanapoliwa. Ejenti wa kweli hakutozi pesa ya kusoma, wala ya "tathmini", wala ya usajili, wala hakwambii lazima ulipie mhariri fulani ambaye ni rafiki yake. Mimi nilikaribia kuingia. Nililetewa imeili, jina la ejenti ninayemjua kabisa kwa kusoma habari zake, kampuni ya kweli, ati amependa sana kazi yangu na kuna mchapishaji tayari anangoja, kilichobaki ni dola 350 tu za kutayarisha mswada. Nikaenda kwa dadangu kukopa. Dadangu anauza mahamri, hajasoma riwaya maishani mwake, akaniuliza "sasa wewe wauza ama wanunua?" Nikanyamaza. Kurudi nyumbani nikaiangalia ile anwani vizuri, kumbe ni gmail, na kwenye websaiti ya kampuni yenyewe anwani zote zinaishia na jina la kampuni. Nikawaandikia kwa anwani yao ya kweli, wakajibu siku ya pili kwamba si wao, kuna matapeli wanatumia majina ya maejenti. Na kitu kingine, mimi sikuwahi hata kumtumia huyo ejenti chochote! Mtu ambaye hujampelekea kitabu amependa kitabu gani? Lakini ukiwa na njaa ya kuitwa mwandishi akili inatoka kidogo. Kabla hujajibu mtu yeyote, tafuta jina lake pamoja na maneno Writer Beware, hao kazi yao ni kuanika ukora wa namna hii miaka nenda miaka rudi.

Haya, kabla hatujaendelea, jiulize kama huyo dalali unamhitaji. Kama unaandika kwa Kiswahili, humhitaji, nakwambia wazi. Wachapishaji wa huku unawaendea wenyewe, mswada mkononi: East African Educational Publishers, Longhorn, Oxford wa Nairobi, Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Unaingia websaiti yao, unasoma wanataka nini, unatuma. Na kuna tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, ya miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa, hiyo nayo ifuatilie, hupitii kwa ejenti yeyote. Shida ni mtu ana riwaya ya Kiingereza na anataka iuzwe Uingereza au Marekani, kwa zile kampuni kubwa ambazo mswada uliotumwa na mwandishi mwenyewe haufunguliwi. Kule mlango ni mmoja, ejenti. Maneno yangu yaliyobaki ni ya huyo.

Kwanza malizia kitabu. Najua umesikia watu wameuza wazo, hao si sisi. Riwaya ya mtu wa kwanza lazima iwe imekwisha yote, imeandikwa upya mara mbili tatu, na urefu wake usiwe wa ajabu, maneno 80,000 hadi 100,000 ni sawa kwa riwaya za watu wazima. Mimi yangu ilikuwa 162,000 na nilikuwa najivunia. Kukata zile 60,000 kulinichukua kaskazi nzima, na kusema kweli zilizotoka sijawahi kuzikumbuka. Kitabu kisicho cha kubuni, tuseme unaandika historia ya mafundi wa jahazi wa Matondoni, hicho ndo waweza kuuza kwa pendekezo na sura moja mbili za mfano bila kumaliza.

Kupata majina si kazi ngumu, ni kazi ndefu. Kuna websaiti ya QueryTracker, unaingia bure, unachuja maejenti kwa aina ya kitabu na unaona nani amefungua kupokea kazi na nani amefunga. Kuna nyingine, Manuscript Wish List, humo maejenti wenyewe wanaandika wanatamani kusoma nini. Waingereza wana kitabu cha majina ya maejenti na wachapishaji, Writers' & Artists' Yearbook, hutoka kila mwaka, ukipata hata ya zamani kwa mtu itakusaidia kujua kampuni, ila majina uhakikishe kwenye websaiti manake maejenti wanahama kama wapangaji. Lakini njia ninayoiamini zaidi ni hii: chukua riwaya uliyoipenda ya mtu wa Afrika au ya pwani yoyote ya dunia, iliyotoka karibuni, fungua kurasa za shukrani kule mwisho, mwandishi karibu kila mara anamshukuru ejenti wake kwa jina. Mimi nilikaa maktaba ya kule Ngomeni asubuhi mbili tatu nikisoma shukrani tupu, mtu akinitazama anadhani nimerukwa. Nilitoka na majina 11, na ejenti niliye naye leo alikuwa wa 9.

Tengeneza daftari, au laha kwenye kompyuta kama unaweza. Jina, kampuni, anataka nini, umetuma lini, amejibu nini. Usidharau hili, ukifika ejenti wa 20 utaanza kuchanganya na utamwita mtu jina la mwenzake.

Sasa barua. Hapa tukae.

Barua yangu ya kwanza niliianza na RE: kwa herufi kubwa na mstari chini, kama naomba uhamisho TSC. "Nina heshima kubwa kuomba nafasi hii." Ndivyo tulivyofunzwa shule, lakini kwa hawa haifai. Ejenti anafungua imeili 40 akiwa na kikombe cha chai, anataka kujua mambo matatu upesi: hiki ni kitabu gani, kinahusu nini, wewe nani. Ukurasa mmoja, maneno 300 hivi, usipite 400. Unaanza na jina lake halisi, si "Mpendwa Bwana au Bibi", halafu sentensi moja kwa nini umemwandikia yeye, na iwe ya kweli, kwamba alimwakilisha fulani au alisema anatafuta hadithi za bandari. Kisha jina la kitabu, aina yake, na idadi ya maneno. Kisha hadithi yenyewe, aya moja au mbili.

Hiyo aya ya hadithi ndo watu wote wanaanguka, na mimi nilianguka mara saba. Angalia hii: "Riwaya yangu inazungumzia maisha, mapenzi, utamaduni wa Waswahili na mafunzo kwa vijana." Hiyo haisemi kitu wallahi, hata kitabu cha upishi kinaweza kusema hivo. Sasa angalia hii: "Mwanaisha ana miaka 19 wakati jahazi la babake linazama karibu na Kiwayu. Mbao za jahazi zilikopwa, na mkopeshaji anampa mpaka kusi liishe alipe ama aiachie nyumba ya Langoni iliyo na kaburi la mamake uani. Anajua mtu mmoja tu mwenye pesa hizo, na ni yule aliyelipa mabaharia waseme babake alikuwa amelala." Unaona tofauti? Kuna mtu, anataka kitu, kuna kinachomzuia, kuna atakachopoteza, na kuna siku ya mwisho. Na hujasema mwisho wa kitabu, umemwacha pale pale anapotaka kugeuza ukurasa. Utamaduni haukutajwa hata mara moja lakini umejaa tele.

Baada ya hapo unataja vitabu viwili vinavyofanana na chako, viwe vya miaka mitatu hadi mitano hii, ili ajue duka litakiweka rafu gani. Usijilinganishe na majabali. Tangu Abdulrazak Gurnah apate Nobel 2021 kila mtu wa pwani anaandika "mimi ni kama Gurnah", nami niliandika, nikafuta. Ni kama fundi wa kwanza kuchonga mlango aseme mlango wake ni kama wa jumba la liwali, labda ni kweli lakini haisemi mwenyewe.

Wasifu wako ni mistari miwili. Umezaliwa Lamu, unaishi Lamu, umechapisha hadithi mahali fulani kama umechapisha, basi. Vyeti vya semina waachie ukutani. Na kuishi huku usikuone kama udhaifu, anayesoma ataona huyu anajua anachosema, ila tafadhali usianze kumfafanulia buibui ni nini na mkeka ni nini kana kwamba unatembeza watalii. Kitabu kisimame chenyewe.

Muhtasari ni kitu kingine, watu wanachanganya. Huo ni ukurasa mmoja, maneno 500 hivi, na humo unasema KILA KITU, nani alikufa, nani aliolewa, mwisho ukawaje. Ejenti anataka kuona kama nyumba ina paa. Utaandika vibaya, kila mtu anaandika vibaya, songa mbele.

Kila ejenti ana masharti yake kwenye websaiti, ukurasa wa Submissions, yaani wa kutuma kazi. Wa Uingereza wengi wanataka barua, muhtasari na sura tatu za kwanza. Wa Marekani wengi wanataka barua na kurasa 5 au 10 tu, tena zimebandikwa ndani ya imeili si kwa kiambatisho, na wengine wanatumia fomu ya mtandaoni ya QueryManager. Fanya unavyoambiwa hata kama huelewi kwa nini. Herufi za kawaida, saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, jina lako na nambari ya ukurasa juu. Mimi nikituma kutoka saiba nilikuwa nalipia saa nzima kwa imeili moja, nasoma tena na tena mpaka kijana wa pale akaniuliza kama ni barua ya posa.

Tuma kwa mafungu, watu 6 au 8, si 50 kwa mkupuo, manake barua ikiwa na kasoro utakuwa umewamaliza wote. Wote 8 wakikataa bila kuomba kusoma zaidi, ubovu uko kwenye barua au kurasa za mwanzo, irekebishe ndo utume fungu jingine. Kutuma kwa wengi pamoja si utovu wa adabu, wanajua, lakini usitume kwa wawili wa kampuni moja kwa wakati mmoja. Na epuka wiki za maonyesho ya vitabu, London mwezi wa tatu na Frankfurt mwezi wa kumi, wote wako mbioni.

Halafu ungoje. Wiki 6, wiki 12, wengine hawajibu kabisa na kimya chao ndo jibu. Nilituma 38. Wawili waliomba mswada mzima, mmoja akakataa kwa upole sana mpaka nikadhani amekubali, nikaisoma tena jioni nikaona la. Usimjibu mtu aliyekukataa umwambie atajuta. Nakwambia tu.

Akikupenda ataomba mzungumze kwa simu au kwa video. Kaa mahali mtandao haukatiki, na uwe na maswali yako kwenye karatasi: anataka ubadilishe nini, atakipeleka kwa wahariri gani, kisiponunuliwa atafanyaje, mkitaka kuachana mnaachana vipi. Usikubali papo hapo hata kama moyo unaruka. Omba wiki mbili, ndo kawaida yao, na siku hiyo hiyo waandikie wengine wote wenye kazi yako uwaambie umepata ofa, utashangaa wale wa kimya wanavyoamka.

Kontrakti iangalie komisheni iwe ile ile ya 15 na 20, na muda wa notisi wa kuvunja, siku 30 mpaka 90 hivi. Jua kwamba hata mkiachana, kitabu alichokwisha kukiuza ataendelea kukata chake. Pesa zinapitia kwake kwanza ndo zije kwako, kwa hiyo uliza zinakuja baada ya siku ngapi. Ukiuza Marekani kuna fomu ya kodi W-8BEN utajaza. Na jina la kwenye fomu, la benki na la kitambulisho liwe moja, mimi kitabu nilitaka kitoke kwa jina la bibi yangu mzaa mama, nikaliandika na kwenye fomu ya benki pia, pesa ya kwanza ikazunguka wiki tatu ikarudi London.