Namba ya plai kwenye lebo ya uzi isikupumbaze

Wafumaji wenzangu, plai zamani ilikuwa idadi ya nyuzi ndogo zilizosokotwa kupata uzi mmoja. Siku hizi, hasa Uingereza na Australia, ni jina la unene tu. Uzi ambao Waaustralia wanauita plai 8, Waingereza wanauita DK (double knitting), na ukiufumua unaweza kukuta nyuzi nne tu ndani yake.

Wamarekani wana namba zao, 0 hadi 7. DK kwao ni 3, aran, ulio mnene kuliko DK, ni 4. Kwa hiyo "4" ya Marekani ni nene kuliko plai 4 ya Uingereza. Ukizichanganya, sweta la mtoto litamtosha baba yake.

Mimi naamini zaidi mita kwa uzito. Gramu 100 za sufu ya plai 4 huwa na mita kama 400, DK 200 hadi 250. Pamba ni nzito, mita zake hupungua.

Lebo imepotea? Zungushia uzi kwenye rula, mizunguko igusane bila kubanana, uihesabu ndani ya inchi moja. DK hutoa takriban 11, plai 4 takriban 14. Usiuvute, utakonda na hesabu itakudanganya.