Jinsi ya kuijua Bugatti Type 35 ya kweli ukikutana nayo

Wadau, hii gari ya risi watu wengi wanadhani wanaijua kwa sababu ya ile rejeta ya umbo la kiatu cha farasi na mkia uliochongoka, ila bodi isikudanganye kabisa. Type 37, Bugatti nyingine, ina bodi karibu ileile, afu karakana ya Pur Sang kule Argentina wanatengeneza kopi nzima mpya mpaka injini, tena nzuri sana.

Anza na magurudumu. Type 35 ilipotokea Lyon mwaka 1924 kwenye Grand Prix ya Ufaransa ilikuja na magurudumu ya alumini yenye spoku 8 bapa, na dramu ya breki imeungana na gurudumu lenyewe, yani ukivua gurudumu tu breki shuu hizo hapo mbele ya macho, fundi anazikagua hapohapo wakati anabadili tairi. Ukikuta spoku za waya usikimbilie kusema feki, toleo la 35A la 1925 lilikua la bei nafuu na lilitoka hivyo.

Afu chuchumaa mbele uangalie ekseli. Hapa ndo napapenda kuliko kote, ekseli ina uwazi kwa ndani na springi, zile za vyuma vya kupangana, zinapita ndani ya matundu ya ekseli yenyewe, hazijafungwa chini wala juu yake. Kazi ya Molsheim hiyo, kule kiwandani kwa Bugatti, ni safi mno.

Sasa muombe mwenye gari afungue boneti. Unatakiwa uone silinda 8 kwa mstari, bloku mbili za silinda nne nne. Zikiwa nne tu hiyo ni 37, na ukikuta kamshafti (shafti inayofungua valvu) mbili juu hiyo ni Type 51 ya 1931. Tundu la duara kwenye boneti upande wa kulia linamaanisha kuna supachaja, yani pampu ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini, basi ni 35C ya cc 1991 au 35B ya cc 2262, na hizo mbili kwa macho ya nje ni ngumu kuzitenganisha.

Mwisho namba. Injini, giaboksi na difu vimegongwa namba, soma kila moja kwa tochi uzilinganishe na plati ya chasisi na makaratasi ya historia yake, kwasababu gari nyingi za risi zilibadilishwa vipuri zikiwa bado kazini, hilo si kosa ila lazima liwe na maelezo. Muuzaji akianza kukuzungusha kuhusu namba, usitoe hela.