Kayaki ya Kuvulia Iliyotumika: Kuinunua, Kuiandaa na Kuiuza Ukiwa Minnesota

Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria au katika pwani ya Tanga na Mombasa huingia katika soko la kayaki zilizotumika akiwa tayari na jicho la chombo, lakini jicho hilo linahitaji kuelekezwa upya, kwa sababu chombo anachouziwa hapa ni plastiki iliyotolewa katika kalibu moja, kisicho na ubao wa kubadilishwa wala mshono wa kukalafatiwa. Maelezo haya yameandikwa kwa walioko Minnesota, jimbo lenye maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, ingawa mengi yanafaa pia kwa walioko majimbo mengine ya Marekani. Kwa kuwa wengi wetu huhama kazi inapohama au mkataba wa nyumba unapokwisha, kayaki unayoinunua leo ni kayaki utakayoiuza baada ya miaka michache, na inafaa uamuzi wa kuinunua na kuiandaa ufanywe kwa kulikumbuka hilo.

Kabla ya kutazama matangazo, tazama mahali utakapoiweka na gari litakaloibeba. Kayaki ya kuvulia ya mtu mmoja, ile ya kukalia juu, huwa na urefu wa futi 10 hadi 13 na uzito wa kilo 30 hadi 45, na zile za pedali, zinazoendeshwa kwa miguu, huzidi hapo. Anayeishi ghorofa ya tatu bila stoo ya chini hataifurahia hata akipewa bure, na mikataba mingi ya nyumba za kupanga hairuhusu kuweka chombo kama hicho kwenye baraza. Mtu wa hali hiyo atafute kayaki ya kujazwa upepo iliyo bora, au aelewane na ndugu mwenye gereji kabla ya kulipa chochote. Angalia pia uwezo wa kubeba ulioandikwa na mtengenezaji. Kwa kawaida wavuvi hawazidishi takriban asilimia 70 ya uzito huo, wakijumlisha mwili, nguo, vifaa na samaki, kwa maana kayaki iliyojazwa hadi kikomo huzama chini sana na kuwa nzito kuipiga kafi.

Msimu ndio unaopanga bei. Barafu ya maziwa ya Minnesota huyeyuka kwa kawaida mwezi wa Aprili, na kuanzia hapo kila mtu anatafuta kayaki. Ifikapo Septemba na Oktoba wauzaji wanawaza mahali pa kuihifadhi katika majira ya baridi, na hapo mnunuzi ana nguvu ya kujadiliana. Kayaki ya kawaida ya kafi iliyotunzwa vizuri mara nyingi hupatikana kwa dola 300 hadi 600, na ya pedali kwa dola 1,000 hadi 2,000. Usikubali kupandishiwa bei kwa sababu ya vishikio vya fimbo, kreti na taa zilizofungwa juu yake, kwani hivyo vyote utavinunua kwa fedha kidogo na kuviweka unapotaka wewe. Unachonunua ni plastiki ya chombo chenyewe.

Tangazo likisema kayaki imeingia majini mara mbili tu, ipindue uone mkuku wake, yaani uti wa chini. Mikwaruzo ya juujuu ni ya kawaida na haina madhara. Sehemu ya kuchunguza kwa makini ni mwisho wa mkuku upande wa tezi, yaani nyuma, kwa sababu wengi huinua omo, yaani mbele, na kuiburuza kayaki kwenye lami au changarawe, na plastiki ya mahali hapo husagika hadi kuwa nyembamba. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ikibonyea kwa urahisi kuliko plastiki iliyo pembeni yake, imekwisha kulika. Kisha tazama matundu ya kupitisha maji, yale yanayopenya kutoka sakafuni hadi chini. Mtu aliyeibeba kayaki kwenye kigari ambacho vyuma vyake huingia katika matundu hayo, tena ikiwa imejaa vifaa, huenda ameyapasua bila kujua, na ufa wa hapo ni mwembamba kama unywele, tena umejificha ndani ya tundu. Washa tochi ya simu na uzungushe kidole ndani ya kila tundu.

Zungukia pia mahali kiti kilipofungwa, mizizi ya vishikio vya kubebea na kila skrubu iliyoongezwa na mwenyewe. Bonde lililotokana na kufungwa kwa mikanda kupita kiasi au kuhifadhiwa juu ya vyuma viwili mwaka mzima si jambo la kutisha, kwani mara nyingi hujirudi likianikwa juani. Ufa ni jambo jingine. Kayaki nyingi ni za polietilini, na gundi za kawaida, hata ile ya epoksi, hazishiki vyema kwenye plastiki hiyo, kwa hiyo ukiona ufa uliofunikwa kwa gundi ujue kwamba haujatengenezwa. Polietilini ya kawaida huchomelewa kwa joto na ufito wa plastiki ya aina ileile, kazi ambayo fundi mzoefu huifanya vizuri. Lakini iko aina ambayo molekuli zake zimefungamanishwa ili iwe ngumu zaidi, na hiyo haiyeyuki tena ikishaumbwa. Uliza jina la modeli na utafute ni ya aina ipi kabla ya kudanganywa kwamba ni kazi ndogo.

Muuzaji akikubali, omba kuijaribu majini kwa nusu saa, kisha mfungue kifuniko na mwangalie maji ndani. Ikiwa hakuna ziwa karibu, iwekeni juu ya vigoda viwili, mmimine ndoo mbili tatu za maji ndani kupitia kwenye kifuniko, muiinamishe huku na huku, na mtazame chini panapotona. Muuzaji mwenye kayaki nzima hana sababu ya kukataa. Kwa kayaki ya pedali, zungusha pedali kwa mkono ukisikiliza msago, vuta kamba za usukani, na uhakikishe kwamba vipuri vya mfumo huo bado vinauzwa, kwa sababu pedali iliyokufa ndiyo inayoifanya kayaki ya dola 1,500 iwe ya dola 400.

Baada ya plastiki, karatasi. Upande wa kulia wa tezi pamechongwa namba ya chombo yenye tarakimu na herufi 12. Namba iliyoishia kwa D616, kwa mfano, inaeleza kwamba chombo kilitengenezwa Aprili 2016 kwa modeli ya 2016, kwa kuwa herufi A ni Januari na zinaendelea hivyo. Namba iliyokwaruzwa au kung'olewa ni sababu ya kuondoka, bei iwe nzuri vipi. Minnesota huhitaji kayaki inayozidi futi 10 isajiliwe, na usajili hudumu miaka mitatu, kwa hiyo linganisha namba iliyochongwa na ile iliyo kwenye kadi ya muuzaji, na muandikiane hati ya mauzo yenye namba hiyo, tarehe, bei na saini mbili. Kufunga mota, hata ile ndogo ya umeme, huigeuza kayaki kuwa chombo cha mota, nacho husajiliwa hata kikiwa kifupi. Pedali si mota. Leseni ya uvuvi ni jambo la pekee, na hapa huhitajika kuanzia umri wa miaka 16.

Katika kuiandaa, haraka ndiyo adui. Nenda majini mara kadhaa ukiwa na fimbo moja na kreti iliyofungwa kwa kamba ya mpira, ujue mkono wako unafika wapi na kafi linapita wapi, ndipo utoboe. Kila tundu linabaki hata baada ya kifaa kuondolewa, na mnunuzi wako wa kesho ataligusa kama wewe ulivyogusa ya mwenzako. Ni heri kufunga reli fupi mbili za alumini pembeni, kwa silikoni ya majini na nati za mpira zinazojibana, kisha vishikio vya fimbo na kifaa cha sonari, kile kinachopima kina cha maji kwa sauti, vikae juu ya reli na kuondolewa wakati wowote. Kitambuzi cha sonari chenyewe kinaweza kuwekwa ndani ya chombo, kikasoma kina kupitia plastiki, bila kutoboa chini kabisa.

Nanga ya kilo moja na nusu inatosha ziwani. Kamba yake isifungwe ubavuni, kwa sababu upepo au mkondo ukiivuta kayaki kwa ubavu unaweza kuipindua. Tumia kamba ya mzunguko yenye kapi mbili inayokuwezesha kuipeleka nanga hadi omo au tezi ukiwa umeketi, na uwe na kisu karibu cha kuikata kamba ikibidi.

Fedha utakazookoa kwenye vishikio ziende kwenye jaketi okozi. Sheria ya Marekani inadai jaketi moja lililoidhinishwa na Walinzi wa Pwani kwa kila mtu aliyemo, lakini kuwa nalo nyuma ya kiti si sawa na kulivaa. Sisi tuliozoea maji yenye uvuguvugu hatuna kumbukumbu ya mwilini ya ziwa la Mei la kaskazini: jua linachoma, watu wamevaa fulana, na maji yangali baridi kiasi cha kumkata mtu pumzi dakika ya kwanza tu na kumlegeza mikono ndani ya dakika kama kumi. Mazoezi ya kujipindua na kupanda tena yafanyike Julai, karibu na ufuo, ukiwa na mwenzako. Ongeza filimbi, na taa nyeupe ikiwa utarudi usiku.

Ukitoka majini, ondoa kila jani na umwage maji yote kabla ya kuingia barabarani, na vizibo vibaki wazi njiani. Hapa ni sheria, na aliyeona magugu maji yalivyoziba ghuba za Kisumu hahitaji kuelezwa sababu.

Kuuza ni kazi fupi ikiwa hayo yamefuatwa. Tangaza mwishoni mwa Machi au Aprili, ukiwa umeiosha, na upige picha za chini kama unavyopiga za juu, pamoja na kila tundu na kila kiraka. Vua kifaa cha sonari na vishikio vilivyo bora, uviuze peke yake au uvihamishie kwenye kayaki mpya, kwani havikuongezei bei inayolingana na thamani yake. Kutaneni mahali pa wazi, hata kwenye maegesho ya kituo cha polisi, na usipokee hundi inayozidi bei kwa ahadi kwamba utarudisha chenji, maana hundi hiyo hukataliwa benki baada ya fedha zako kuondoka. Umkabidhi mnunuzi kadi ya usajili iliyosainiwa, utoe taarifa ya mauzo kwa idara ya maliasili ya jimbo, na ubaki na nakala ya hati ya mauzo, ili kayaki ikikutwa imetelekezwa mahali mwaka ujao, barua isije kwako.