Jinsi ya kupunguza kauli ya kutendwa katika ripoti na barua za Kiingereza

Sentensi za Kiingereza zinazonichukulia muda mrefu zaidi katika kazi yangu ya uhariri si zile zenye makosa ya sarufi. Ni zile zilizonyooka kisarufi ambazo, hata ukizisoma mara mbili, hazikuambii nani alifanya nini. "It was decided that the project should be suspended" haina kosa ambalo mwalimu angelipigia mstari mwekundu, lakini mfadhili au mjumbe wa bodi anayeisoma ana swali moja, nalo halikujibiwa: nani aliamua? Mwongozo huu ni kwa yeyote anayefikiri kwa Kiswahili na kulazimika kuandika ripoti, barua au kumbukumbu za vikao kwa Kiingereza.

Chanzo cha tatizo si uvivu. Katika Kiswahili kauli ya kutendwa ni nyepesi: kiambishi -w- huingia ndani ya kitenzi, na "imeamuliwa" inabaki neno moja. Kiingereza hudai maneno manne kwa kazi hiyohiyo, "it has been decided", na virai vya namna hiyo vikirundikana katika aya moja, msomaji huchoka kabla hajafika kwenye hoja. Isitoshe, Kiswahili cha ofisini huihesabu kauli hiyo kuwa sehemu ya adabu; tumezoea "unaombwa kufika", "inashauriwa" na "imebainika", na hakuna anayeona kasoro. Tunayahamisha mazoea hayo kwa nia njema kabisa, lakini hayamfikii msomaji wa Kiingereza yakiwa na adabu ileile.

Hatua ya kwanza: zitambue

Maliza kwanza kuandika rasimu yako yote. Kisha tafuta mahali ambapo "is", "was", "were", "be" au "been" inafuatwa na umbo la tatu la kitenzi, kama "written", "given" au "decided". Kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na F, uandike "been", halafu urudie kwa "was" na "by". Utayapata mengi kwa muda mfupi. Angalia tu usikamate wasiohusika. "She was teaching" na "There were delays" si kauli ya kutendwa, ingawa zina "was" na "were". Ukiwa na shaka, jaribu kuongeza "by someone" baada ya kitenzi: "The report was delayed by someone" inaeleweka, ilhali "The office was empty by someone" haina maana, kwa hiyo hiyo ya pili iache.

Hatua ya pili: uliza nani

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Kabla hujagusa sarufi, simama kwenye kila kitenzi ulichokipata na ujiulize nani alitenda. Chukua aya hii, ya aina inayopatikana katika ripoti nyingi za miradi:

"A training on hand washing was conducted and 40 teachers were reached. It was observed that soap was not being provided in some schools because funds had not been disbursed."

Kuna vitenzi vitano vya kutendwa katika sentensi mbili. Nani aliendesha mafunzo? Sisi. Nani aliwafikia walimu? Sisi. Nani aliona kwamba sabuni haipo? Swali hili halijibiki ukiwa umekaa mezani, bali lazima umrudie mwandishi. Na mara nyingi ukimuuliza atakwambia kwamba hakuna aliyeona kwa macho, bali walimu ndio waliosema. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kushuhudia kwa macho na kuambiwa ni ushahidi wa uzito mbalimbali, na "it was observed" imeifunika. Nani alipaswa kutoa fedha? Tuseme mwandishi anajibu kuwa ni halmashauri ya wilaya. Sasa tunaweza kuandika:

"We trained 40 teachers in hand washing. They told us that some schools had no soap because the district council had not yet sent the money."

Maneno yamepungua manne tu, kutoka 30 hadi 26, kwa hiyo ufupi si faida kubwa hapa. Faida ni kwamba msomaji amejua habari imetoka kwa nani, na kama anataka sabuni ifike shuleni, amejua aende kumuuliza nani. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba usimbuni mtenda kamwe. Ukiandika "the district council" kwa kukisia, na kumbe fedha zilikwama benki, umegeuza sentensi isiyo wazi kuwa tuhuma ya uongo.

Wakati mwingine mtenda amefichwa makusudi. Mnamo tarehe 27 Januari 1987, Rais Ronald Reagan wa Marekani, akilihutubia Bunge la nchi yake na kugusia sakata la kuiuzia Iran silaha, alisema "serious mistakes were made". Msikilizaji aliambiwa kwamba makosa yalikuwapo, lakini hakuambiwa ni ya nani. Ukikutana na sentensi ya namna hiyo katika ripoti ya ofisi yako, usiirekebishe kimyakimya. Mpelekee mwenye ripoti na umwulize wazi kama yuko tayari kumtaja aliyehusika. Uamuzi huo ni wake, lakini aufanye akiwa anajua anachokifanya.

Hatua ya tatu: rudisha kitendo kwenye kitenzi

Katika aya ya hapo juu, "a training was conducted" iligeuka "we trained". Kitendo halisi kilikuwa kimefanywa nomino, na kitenzi kisicho na uzito kikaletwa kuibeba. Jozi za aina hii zinajirudia sana: "an assessment was carried out" inakuwa "we assessed", "a visit was made to" inakuwa "we visited", na "a discussion was held" inakuwa "we discussed". Ukishazizoea hutahitaji kuzitafuta.

Hatua ya nne: chunguza sentensi zilizobebwa kutoka Kiswahili

Sehemu hii haimo katika vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza, na kwetu ndiyo inayosumbua zaidi. Kiswahili kinaruhusu anayeguswa na jambo awe kiima: nimeibiwa simu, amefiwa na baba. Kiingereza hakiruhusu hivyo kila mara. "I was stolen my phone" si sahihi, na anayeisoma haraka hudhani wewe ndiye uliyeibwa. Andika "Someone stole my phone" au "My phone was stolen". Hii ya pili ni ya kutendwa na haina ubaya, maana mwizi hajulikani. Kwa msiba, andika "His father died". Hata hivyo, "tulipewa vitabu" inavuka salama ikiwa "We were given books".

Kauli ya kutendeka ina hatari yake. Fundi akisema "pampu imeharibika", hamlaumu mtu. Ukiandika "The pump has been spoiled", umedokeza kwamba kuna aliyeiharibu, na bodi inaweza kuanza kumtafuta. Andika "The pump has broken down". Vivyo hivyo, "barabara haipitiki" isiwe "The road cannot be passed", bali "Vehicles cannot use the road".

Hatua ya tano: punguza mapambo ya barua

"You are kindly requested to submit your forms" inatosha kuwa "Please submit your forms". "Please be informed that the office will be closed on Friday" ianze moja kwa moja: "The office will be closed on Friday". "Your assistance will be highly appreciated" iwe "Thank you for your help". Wanaohofia kwamba barua itakosa heshima wakumbuke kwamba "please" na "thank you" zimebaki palepale. Marekani ilipitisha sheria ya uandishi wazi, Plain Writing Act, mwaka 2010, inayozitaka taasisi za serikali ya shirikisho ziandike kwa lugha ambayo mwananchi ataielewa, na miongozo yao inahimiza kauli ya kutenda na kumwita msomaji "you". Urasmi, basi, haudai "it is hereby requested".

Hatua ya sita: jua zipi za kuacha

Usiifute kauli ya kutendwa kila mahali. Katika ripoti ya maabara, "The samples were stored at 4°C" ni sentensi nzuri, kwa kuwa aliyefunga mlango wa friji hana umuhimu. "The village was hit by floods that destroyed two bridges and the dispensary" nayo iache kama aya yako inahusu kijiji: kiima kinabaki kilekile, na maelezo marefu yanakaa mwishoni ambako hayamkwazi msomaji. Zaidi ya yote, iache pale ambapo kumtaja mtenda kungemdhuru mtu. Katika taarifa ya ulinzi wa mtoto, au katika kesi ambayo mahakama haijaamua, "The child was harmed" na "The money was taken" ndizo sentensi za haki, kwa sababu zinasema lililothibitika na kuishia hapo.

Ukimaliza, irudishe rasimu kwa mwandishi na umwombe asome viima peke yake, kila "we", "they" na "the council", athibitishe kwamba aliyetajwa ndiye aliyetenda.