Soketi janja ikigoma, anza na chumvi

Hapa Raskazone, Tanga, upepo wa bahari hauachi kitu. Soketi janja yangu ya taa ya barazani, ile inayowashwa na kuzimwa kwa simu, ilikufa baada ya miezi minane, nikaitupa, kisha roho ikaniuma nikaiokota na kuifungua. Mpaka leo inafanya kazi.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama kitaa chake. Kikiwaka lakini simu haiioni, huenda soketi si mbovu. Nyingi hushika mawimbi ya Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, na pengine mtu kabadili ruta au nywila. Bonyeza kitufe sekunde 5 hadi 10 mpaka kitaa kipepese haraka, uiunganishe upya.

Ikiwa kimya kabisa, ichomoe ukutani uiache robo saa. Nakusihi usiruke hapa: kapasita za ndani, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki nao hata ukishaichomoa. Ukishafungua, zipime kwa mita kabla hujagusa chochote. Na bodi ikiwa wazi usiirudishe kwenye umeme hata kwa kujaribu, maana katika soketi nyingi hata upande wa volti ndogo haujatengwa na zile volti 230 za ukutani.

Sasa tafuta ukungu wa kijani au mweupe kwenye miguu ya vifaa. Ndiyo kazi ya chumvi hiyo. Chovya mswaki laini kwenye alkoholi ya isopropili, sugua taratibu, acha ikauke usiku kucha. Yangu haikuhitaji zaidi ya hapo.

Isipopona, angalia vile vikopo vya kapasita. Kilichovimba kichwa king'oe, ulehemu kipya chenye mikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi, ule mstari wa hasi ukae ulipokuwa. Mafundi redio wa Ngamiani wanavyo. Omba kipya, usikubali kilichong'olewa kwenye bodi kuukuu.

Soketi isiyozimika ni jambo jingine. Jirani yangu aliiunganisha yake na pampu ya maji. Pampu inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na rilei ya ampea 10, ile swichi ya ndani inayowasha na kuzima, ikagandana. Kuipiga piga iachie ni hatari, itagandana tena usiku mmelala. Badilisha rilei, na pampu itafutie swichi yake. Plastiki ikiwa imebabuka, hiyo usiifufue.

Ukishafunga, ijaribu na balbu ndogo nusu saa, ukiishika kuona kama inapata joto. Yangu nimeihamishia ukuta wa ndani, mbali na dirisha la baharini.