"Match" ni maneno mawili, si moja

Ndugu zangu mnaojifunza Kiingereza hapa Lubumbashi ili biashara ya kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, iende vizuri, msikariri maana kumi za "match" kwa mkupuo. Fungueni kamusi nzuri mtazame kinamba kidogo pembeni ya neno. Likiandikwa mara mbili, 1 na 2, basi ni mizizi miwili tofauti iliyokutana njiani.

Mzizi wa kwanza ni wa Kiingereza cha kale, na maana yake ilikuwa mwenzi, mtu anayelingana nawe. Ukiushika huo, mengine yanakuja yenyewe: anayekuweza ni mpinzani wako, ndiyo maana timu zetu za mpira, Mazembe na Lupopo, zikikutana tunasema mechi. Kitambaa cha blauzi kikiendana na liputa (kitenge), ni neno hilo hilo. Hata ndoa imo.

Wa pili ni kiberiti, alimeti yetu. Huo ulitoka Kifaransa cha kale, na sisi tunao tayari: ni "mèche", utambi wa taa, ambao pia ndio meshi wanazosukia dada zetu nywele! Waingereza waliutumia kwa utambi karne nyingi kabla ya 1827, mwaka ambao John Walker, mfamasia wa Uingereza, alianza kuuza njiti zinazowaka kwa kusuguliwa.

Mimi huandika mizizi kwanza kwenye daftari, maana baadaye. Kesho jaribuni "light": ya mwanga na ya wepesi, nazo ni mbili.